Mgusano au Mkaribiano? Maoni Kuhusu Istilahi Mbili za Elimu ya Protini

Imezoeleka miongoni mwetu kuichukulia kazi ya kuunda istilahi kuwa huanza pale mwanasayansi anapoweka kalamu chini. Dhana imekwisha kuvumbuliwa, imekwisha kupewa jina la Kiingereza, na lililosalia kwa mwanaisimu ni kulitafutia jina hilo kisawe. Mtazamo huo tunaupinga. Mfano wetu tunautoa katika elimu ya protini, uwanja ambao wanaisimu hawaupitii mara kwa mara, kwa sababu hapo udhaifu wake unaonekana bayana: neno lililochaguliwa kwa kufuata kamusi ya Kiingereza laweza kumficha mwanafunzi kitu kilekile alichotumwa kukitafuta.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina zinazotumika kwa kawaida ni 20, na kila asidi amino mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka. Hivyo basi asidi amino iliyomo ndani ya mnyororo si kamili tena, na wanakemia waliotumia Kiingereza wakaiita kwa neno lenye maana ya kilichosalia. Mwenye kufuata kamusi ataandika 'mabaki' au 'masalio'. Kihistoria hatakuwa amekosea. Lakini mabaki, katika Kiswahili cha kila siku, ni kile kilichoachwa baada ya kilicho bora kuondolewa: mabaki ya chakula, mabaki ya jengo. Mwanafunzi anayesoma kuwa hemoglobini ina mabaki 574 ana haki ya kuuliza hemoglobini yenyewe iko wapi. Sisi tunapendekeza neno pingili. Mkulima wa miwa analijua, na watu husema pia pingili za uti wa mgongo. Pingili ni sehemu ya kitu kirefu ambacho hakijakatwa, ina mwenzake kila upande, na yaweza kuhesabiwa kutoka shinani. Ni kweli kuwa pingili za muwa hufanana ilhali asidi amino hutofautiana kwa umbo na tabia. Kasoro hiyo ni ndogo kuliko ile ya mabaki.

Istilahi ya pili ndiyo nzito. Mnyororo wa protini haukai umenyooka. Hujikunja, na pingili zilizo mbali katika mfuatano hujikuta ziko karibu. Mchanganuzi huchukua umbo lililokwisha kubainishwa, aghalabu kutoka Benki ya Data za Protini iliyoanzishwa mwaka 1971, akapima umbali baina ya kila pingili na kila nyingine, kisha akaorodhesha jozi zilizo karibu. Kiingereza huziita jozi hizo kwa neno la kugusana. Je, nasi tuziite migusano?

Tutazame kwanza kinachofanyika. Kaida moja inayotumika sana huihesabu jozi ikiwa atomu za kaboni ya beta za pingili hizo mbili zimeachana kwa chini ya angstromu 8. Angstromu moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni 10. Glisini, isiyokuwa na kaboni hiyo, hupimwa kwa kaboni ya alfa. Wengine hupima baina ya atomu zozote zisizo za haidrojeni, na kikomo chao huwa angstromu 4 au 5. Sasa, vitovu vya atomu mbili za kaboni zilizogusana pasipo kifungo cha kikemia huachana kwa takriban angstromu 3.4 hadi 4. Kwa kaida ile ya kwanza, basi, pingili mbili zaweza kuandikwa kuwa zinagusana pasipo atomu hata moja ya huku kuigusa ya kule. Hakuna aliyedanganya, kwa kuwa kikomo ni uamuzi wa mpimaji. Upotofu huingia pale jina linapoufanya uamuzi huo uonekane kuwa tukio la maumbile.

Hapa sarufi ya Kiswahili yatufaa kuliko kamusi ya Kiingereza. Gusana, pakana, karibiana na shikamana zote zina kiambishi -an- cha kutendana, jambo linalooana na dhana yenyewe: pingili moja ikiwa karibu na nyingine, ile nyingine nayo iko karibu na ya kwanza, na jedwali la mchanganuzi lina ulinganifu huohuo. Baada ya hapo vitenzi hivi huachana njia. Kugusana hakuna daraja. Ama vitu vimegusana ama havikugusana. Kupakana kwadai mpaka usio na kitu kati, na hali katika protini huenda molekuli ya maji ikajipenyeza. Shikamana ina -am- kabla ya -an-, kiambishi chenye kuonyesha hali iliyotulia, nayo tungeiweka kwa vifungo vya kikemia hasa, mathalani vile vya salfa. Karibiana peke yake ndiyo humlazimisha msikilizaji kuuliza: kwa kiasi gani? Na swali hilo mchanganuzi hana budi kulijibu kabla hajahesabu chochote. Kwa hiyo twapendekeza mkaribiano kwa jozi iliyopatikana kwa kikomo cha umbali, na mgusano ubaki kwa atomu zilizogusana kweli. Yupo atakayesema ujirani ungetosha. Ni neno zuri, ila halitupi kitenzi, na mwandishi wa maabara hukihitaji karibu katika kila sentensi. Kontakti, la kukopa, halina madhara wala faida.

Kwamba huku si kuchagua maneno kwa ajili ya kuchagua, ugonjwa wa selimundu ni ushahidi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutofautiana na ya wengine kwa chaji ya umeme. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram akabainisha chanzo: kwenye pingili ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi glutamiki imeondoka na valini imeshika mahali pake. Kwa kuwa hemoglobini ina minyororo miwili ya beta, zilizobadilika ni pingili 2 kati ya zile 574. Mwanafunzi akichora ramani ya mikaribiano ya mnyororo mmoja wa beta wa mgonjwa, akailinganisha na ya mtu asiye na ugonjwa, hataona tofauti ya maana. Hesabu yake itakuwa sahihi, na ugonjwa hatauona, kwa sababu haumo ndani ya mnyororo huo. Valini hukwepa maji, nayo imewekwa juu ya uso wa molekuli. Hemoglobini inapoachilia oksijeni, valini hiyo huingia katika kishimo kilicho kwenye molekuli nyingine, penye fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Molekuli huungana hivyo moja baada ya nyingine hadi zikawa nyuzi, na nyuzi hizo huipinda chembe nyekundu ya damu ikawa kama mundu.

Huo ni mgusano kwa maana kamili ya neno, na ni baina ya molekuli mbili. Mwalimu mwenye neno moja tu kwa mikaribiano ya ndani inayoipa protini umbo na kwa mgusano wa nje unaoleta maradhi hana njia nyepesi ya kuitenga dhana moja na nyingine. Wala suala hili si la maabara za ugenini. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kuwa wenye kurithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu imeenea hivyo kwetu. Mzazi wa Mwanza au Kisumu huuliza kwa nini mwanawe alikuwa mzima miezi ya kwanza. Jibu limo katika hemoglobini ya kichanga, yenye mnyororo wa gama mahali pa beta: pingili yake ya 87 ni glutamini badala ya threonini, na badiliko hilo husaidia kuuzuia mgusano tuliokwisha kuueleza. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 hufanya kazi kwa kuiongeza hemoglobini hiyohiyo. Maelezo haya yote yanasemeka kwa Kiswahili, mradi pingili ziitwe pingili na mgusano usichanganywe na mkaribiano.

Limesalia suala la hesabu. Wanajenetiki huanza na methionini ya mwanzo, ambayo huondolewa kabla protini haijakamilika, na kwa hesabu yao valini iko kwenye pingili ya 7. Wanakemia wa hemoglobini huiruka na kusema 6. Kaida zote mbili zimo katika maandishi, na mwandishi wa Kiswahili aitaje anayoifuata kabla ya kutoa tarakimu ya kwanza. Sisi hapa tumehesabu pasipo methionini.