Mpangaji Hapandi Mlima

Nimepanga safari ya Grindelwald mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Najua treni ya kutoka Interlaken Ost hadi Lauterbrunnen inachukua kama dakika 20, na ile ya Grindelwald kama 35. Najua Wengen na Mürren ni vijiji visivyo na magari. Najua siku ya mvua unaenda Trümmelbach, kwa sababu maporomoko yale yanapita ndani ya mwamba na mvua haiyapunguzii kitu. Yote hayo nayajua, na sijawahi kuvuka Namanga.

Ni kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipowashinda nyumbani, nikaingia uandishi wa mtandaoni kama wasee wengi wa rika langu. Mteja yuko mbali, jina langu halitokei popote, na malipo yanahesabiwa kwa maneno. Siku hizi oda nyingi ninazopata ni za utalii. Mtu wa Ohio au Manchester akipanga siku zake tano kwenye milima ya Alps, inawezekana kabisa anafuata ratiba niliyoiandika usiku kwenye keja yangu Roysambu, taa zikipotea na kurudi.

Sasa ebu nikuambie ushauri ninaourudia katika kila makala, nikibadilisha maneno tu ili mteja asinishike: usijifunge na mpango. Eneo lenyewe ni dogo. Eiger, Mönch na Jungfrau zimesimama bega kwa bega, na chini yake kuna mabonde mawili. Ukilala kijiji kimoja, karibu kila kitu unakifikia siku hiyo hiyo kwa treni au kwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Kwa hivyo unaamka, unaangalia kamera zinazoonyesha vilele moja kwa moja, ndipo unaamua. Kukiwa wazi, unapanda hadi Jungfraujoch, stesheni iliyo mita 3,454 juu ya bahari, kwa reli iliyokamilika 1912. Tiketi kwa bei kamili inazidi faranga 200. Wingu likikalia pale juu, utakuwa umelipa pesa hizo zote kutazama ukuta mweupe. Kukiwa na wingu basi, unabaki bondeni, unakunywa chai, unangoja kesho.

Huo ndio utajiri wa safari ile. Ukishalipa nauli na hoteli, kitu unachokuwa umenunua hasa ni ruhusa ya kubadilisha nia asubuhi.

Sasa jaribu hayo ukiwa na pasipoti ya Kenya. Uswisi iko ndani ya Schengen tangu 2008, na viza ya Schengen haijui habari ya "tutaona asubuhi." Inataka tarehe ya kuingia na ya kutoka, nafasi ya ndege, mahali pa kulala kila usiku, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, alama za vidole, na ada ya yuro 90 kwa mtu mzima. Ukikataliwa, ada hairudi. Mlima unakwambia ngoja uone. Fomu inakwambia sema sasa, na ukibadilisha itaonekana ulikuwa unadanganya.

Matokeo yake kila mtu mjini anayajua. Watu wanashika hoteli za kufutika ambazo hawana nia ya kulala. Wanatafuta ajenti awatolee karatasi ya ndege ambayo haijalipiwa. Pesa za shangazi, za chama na za mkopo wa simu zinapita kwenye akaunti kwa muda ili salio lipendeze. Anayeomba anajua ratiba ile ni maigizo, na sitashangaa kama anayeisoma dirishani anajua pia. Kisha tunaambiwa Waafrika hawaaminiki kwa makaratasi. Kwani nani aliomba karatasi za aina hiyo?

Rafiki yangu mpiga picha aliomba viza ya nchi nyingine ya Schengen, siyo hii ya milima yangu, na siitaji. Alikuwa na mwaliko, alikuwa na pesa, alikuwa na tiketi ya kurudi. Akapewa fomu iliyowekwa alama kwenye kisanduku kimoja: kuna shaka kama atarudi kwao. Hakuna aliyesema karatasi fulani ni ya uongo. Walichotilia shaka ni moyo wake. Sasa moyo unaukatia rufaa kwa risiti gani?

Nami najiuliza ningepeleka nini. Barua ya mwajiri sina, mwajiri wangu ni jina la akaunti. Hati ya shamba bado iko kwa jina la babu, na babu alishafariki, na familia haijamaliza kubishana. Cheti cha ndoa sina. Taarifa yangu ya benki inasoma kama mapigo ya moyo wa mgonjwa: pesa imeingia Jumatatu, Ijumaa imekwisha. Kiswahili kina neno moja, mpangaji, kwa anayepanga safari na kwa anayepanga nyumba ya mtu. Mimi ni wote wawili, na yule wa pili ndiye anayemwangusha wa kwanza. Asiye na ploti anaonekana hana kitu cha kumrudisha nyumbani. Eti mamangu si sababu. Eti lugha ninayoota kwayo si sababu.

Ukienda nyuma kidogo utaona mlima wenyewe haukuwa na shida na wageni. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, juu kuliko kilele chochote cha Alps. Hakupanda peke yake. Alikuwa na waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur, kijiji cha Alps upande wa Italia. Vijana wa milima ile walikuja kupanda wetu, na hakuna mzee wa hapa aliyewadai ushahidi kwamba wangerudi kwao. Na leo? Tangu Januari 2024 Kenya imewafutia wageni viza, ikaweka kibali cha mtandaoni cha dola 30. Nacho kinauliza hoteli na ndege, sikatai. Lakini Mswisi anakijaza akiwa kitandani. Hapigi foleni kutoa alama za vidole, na hathibitishi kwamba anaipenda Uswisi. Serikali yetu ilipofungua mlango huo, iliwaombea nini raia wake? Hilo ni swali la kumuuliza mbunge wako kabla hujamlaumu mzungu yeyote.

Najua jibu la mtaani: si uende Mlima Kenya kwanza? Nimeenda. Mwaka 2022 tulijichanga wanane, tukapandia njia ya Sirimon. Tulipofika Shipton's Camp mvua ikatukamata, na mwongozaji wetu akasema, "Vijana, mlima haupangiwi. Tulale." Tukalipa siku moja zaidi, tukalala, na kesho yake alfajiri tukasimama Lenana jua likitoka. Hapo ndipo nilielewa kwamba ule ushauri wangu wa Grindelwald ni wa kweli. Kupenda mlima wa kwetu hakunizuii kutamani wa wengine, kama Mswisi anavyopenda wake na bado anakuja Nanyuki.

Jibu lingine ni kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mpaka. Sawa. Angalieni mimi ni nani, angalieni rekodi yangu, angalieni kama nina nauli ya kurudi. Lakini ada ya anayekataliwa irudishwe, maana huwezi kumuuzia mtu mlango uliofungwa. Aliyekwenda na kurudi mara moja asianzishwe upya kama mgeni. Na kijana anayejipatia riziki kwa vibarua asichukuliwe kama mtoro kwa kukosa barua ya bosi, ilhali nusu ya mji huu tunaishi hivyo.

Nanyi mnaotuambia kwenye video zenu kwamba tatizo letu ni kutopanga mapema, tafadhali. Mimi hupanga kila wiki. Nawapangia wengine.

Leo usiku nina oda: siku tano eneo la Jungfrau, maneno 1,200, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Nitaiandika, kodi ni tarehe 5. Nitaweka treni, nitaweka Trümmelbach, na kwenye aya ya mwisho nitamwambia msomaji asinunue tiketi ya Jungfraujoch mapema, aamke, atazame kamera, aamue mwenyewe. Atasoma na kupita, kwa sababu kwake hilo ni jambo la kawaida tu.