Kurasa Tatu Zilizozidi

Bwana Mhariri,

Nasikia chama chataka kutoa kitabu cha pili. Kile cha kwanza kilikuwa na kurasa 67. Mpiga chapa, aliye mji wa mbali, alipotutajia bei tulinung'unika kwamba atuonea. Kumbe kosa lilikuwa letu.

Wengi wetu twadhani kila ukurasa una bei yake, kama mayai sokoni. Sivyo. Karatasi kubwa hupigwa chapa kurasa 8 upande mmoja na 8 upande wa pili, kisha hukunjwa mara tatu ikawa kurasa 16. Makunjo hayo ndiyo yaunganishwayo kuwa kitabu. Karatasi 4 ni kurasa 64 kamili. Ukurasa wa 65 wadai karatasi ya 5, na mabamba yake, na kuitengeneza mashine upya. Nusu karatasi yaweza kutumika, lakini kazi ya kuiandaa haipungui sana. Basi kwa nakala 300, kurasa zetu 3 zilikula karatasi kubwa 300 zaidi, na kurasa 13 zikabaki nyeupe. Tena gharama ya matayarisho ni ile ile, nakala ziwe 300 au 3,000. Zikiwa chache, humlemea kila mnunuzi.

Na kurasa 3 hizo zilikuwa na nini? Salamu na shukrani za wakubwa wa chama, nami nimo.

Wako wasemao herufi zifanywe ndogo. Sikubali, wazee wetu nao wana haki ya kusoma. Afadhali kupunguza maneno. Hapa Songea tuna bahati, maana Peramiho, kwa watawa Wabenedikto, si mbali, na vitabu vya Kiswahili vimepigwa chapa huko miaka mingi. Basi mwandishi na aende kwa mpiga chapa kabla ya kumaliza mswada, amwulize karatasi yake yatoa kurasa ngapi, ndipo akate au aongeze.

Nilimwona tarishi mmoja akikishika kitabu chetu, akakifungua, akauliza bei, akakirudisha mezani taratibu. Shukrani zetu zilikuwa ndani yake. Nani atazisoma?

Ni mimi,
Karani, Songea