Utunzi Ughaibuni, Msomaji Nyumbani

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitapanda ndege kurejea kwetu Voi baada ya miaka miwili ya kusomea utunzi wa kubuni katika chuo kimoja huko Uingereza. Nitakaa majuma matatu tu, kisha nirudi kumaliza masomo. Tangu habari hiyo ienee, ndugu na jamaa, hata walimu walionifundisha, wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, mtu huvuka bahari ili akafundishwe kutunga hadithi? Kuna anayeuliza kwa mzaha, na kuna anayeuliza huku akiikumbuka karo.

Swali hilo ni la haki. Sisi tumezoea kuamini kwamba utunzi ni kipaji: ama umezaliwa nacho, ama huna. Wenzetu wameamini vingine kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, nacho Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza kikafungua kozi ya uzamili mwaka 1970. Taban lo Liyong alipitia Iowa katika miaka ya 1960. Marehemu Binyavanga Wainaina, aliyetunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2002, naye alisoma East Anglia. Si mimi, basi, niliyeifyeka njia hii.

Yanayotendeka darasani ni mepesi kuliko mtu anavyodhani. Tuko kumi na wawili. Kila juma wawili wetu hugawa kurasa zao mapema, wenzao wakazisoma kalamu mkononi, na siku ya kikao kazi hiyo hujadiliwa kwa saa nzima huku mwenyewe amenyamaza. Haruhusiwi kujitetea wala kueleza alichokusudia, maana msomaji wa kesho hatakuwa naye kando ya kumweleza. Siku yangu ya kwanza nilitokwa na jasho katikati ya kipupwe. Nilikuwa nimeandika juu ya mwanamke atokaye mtoni na mtungi kichwani. Msichana mmoja akauliza kwa upole: mtungi ulikuwa umejaa? Sikujua. Nilikuwa nimeyapamba machweo kwa aya nzima, lakini mtungi wenyewe sikuwa nimeutazama. Kwa somo hilo peke yake sijutii safari.

Hata hivyo, katika hadithi iyo hiyo nilikuwa nimetaja ngata. Karibu wote walitaka waelezwe ngata ni nini, nami nikaongeza sentensi. Juma lililofuata wakataka kujua kwa nini mwanamke yule hamtaji mkwewe kwa jina, nikaongeza aya. Kufikia nakala ya tatu hadithi yangu ilikuwa imegeuka mtembeza watalii, anayesimama kila hatua kumi kuwaonyesha wageni hiki na kile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walitaka kuelewa. Lakini sijamsikia mtu akimwagiza Mwingereza aeleze theluji ni nini. Tena, miezi michache baadaye, nilipoanza hadithi nyingine, niligundua kuwa ngata nimeiacha nje mwenyewe, kabla hajauliza mtu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Na yote haya hufanyika kwa Kiingereza. Nikitunga kwa Kiswahili sina budi kutafsiri kwanza, na kinachokosolewa si hadithi yangu bali ni tafsiri yake.

Wapo waliopita hapa wasimezwe. Ngugi wa Thiong'o aliandika A Grain of Wheat alipokuwa mwanafunzi Leeds, nayo ikatoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata, akiwa Nairobi, yeye na Taban lo Liyong pamoja na Henry Owuor-Anyumba walidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, ili fasihi ya Afrika iwe ndiyo kitovu cha masomo. Walikuwa wamesoma huku, wakarudi nyumbani na swali zito: ni nani anayeketi katikati, na ni nani anayeketi pembeni?

Kwa hakika, warsha tulikuwa nayo. Kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili, tangu enzi za Mambo Leo la Tanganyika lililoanza mwaka 1923, zilikuwa kikao cha namna hiyo. Malenga alituma shairi, mwingine wa mji wa mbali akamjibu, na aliyepotoka katika vina au mizani akarekebishwa hadharani. Hapo hakuna aliyeombwa kueleza ngata.

Shuleni je? Katika mtihani wa KCSE mtahiniwa hupewa dakika 105 aandike insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Ili kujiandaa, huandika insha moja baada ya nyingine kidatoni. Husahihishwa, hupewa alama, na hapo hadithi ikaisha. Hairudiwi kamwe. Basi mwanafunzi hujifunza kuhifadhi mapambo: jogoo awike, umande umetemete, na mtungi usitazamwe na mtu. Simlaumu mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani. Lakini insha moja tu kwa muhula, ikiandikwa mara tatu na kusomwa na wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, haihitaji nauli ya ndege.

Mimi nina miadi yangu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha tatu amestaafu, na ameahidi kunisomea hadithi mpya. Ina kurasa 34, kwa Kiswahili, na ngata imo bila maelezo. Nimeacha pambizo pana kwa ajili ya wino wake mwekundu, nami namhofu yeye peke yake kuliko wale kumi na mmoja, kwani ndiye atakayejua ni wapi Kiswahili changu kimeota kutu. Juzi nilimpigia simu kumwarifu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nategemea kufika tarehe kumi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Lakini hutegemei, unatarajia. Na hiyo hadithi uichape kwa herufi kubwa, macho yangu si yale tena."