Kitabu cha Kiswahili Kitafutwe kwa Kiswahili

Mwanafunzi alinijia mezani akilalamika kwamba maktaba yetu ya chuo haina vitabu vya methali. Kompyuta ndiyo iliyomwambia. Nikamwongoza hadi rafuni: vitabu vilikuwapo, vya Kiswahili, vimejaa vumbi. Majina yake hayakuwa na neno “methali”, nasi wakutubi tulikuwa tumeviorodhesha chini ya “Proverbs, Swahili”, kama ilivyo katika orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Tusiisingizie mashine. Utaratibu wa MARC, uliobuniwa Marekani miaka ya 1960, una sehemu ya 653, ambamo mkutubi huandika maneno ayatakayo, hata ya Kiswahili. Kwetu sehemu hiyo ni tupu. Wenzangu hujitetea kwamba kazi ni nyingi, na kwamba kila mwanachuo anajua Kiingereza. Siafiki. Aliyeandikiwa kitabu kwa Kiswahili ana haki ya kukitafuta kwa Kiswahili.

Sasa tasnifu zetu tunazihifadhi ndani ya kompyuta. Huko, ndugu zangu, neno likikosekana hakuna rafu ya kumpeleka mtu.