Mlalamikaji Asingojeshwe

Wako maofisa wanaoshikilia kwamba malalamiko ya uchaguzi wa chama cha wafanyakazi yasikilizwe baada ya kura kuhesabiwa. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1969, huko Marekani, Joseph Yablonski alitangaza kugombea urais wa chama cha wachimba makaa ya mawe dhidi ya Tony Boyle. Haukupita muda akavuliwa wadhifa aliokuwa nao chamani. Mahakama ikaamuru arudishwe. Mawakili wake waliisihi Wizara ya Kazi ichunguze visasi na hila zile. Wizara, yenye sheria ya mwaka 1959 mkononi, ikakataa kuingilia kabla uchaguzi haujamalizika. Ukamalizika Desemba 9, Boyle akashinda. Desemba 31 Yablonski, mkewe na binti yao wakauawa kwa risasi nyumbani mwao. Ndipo wachunguzi wakamiminika! Uchaguzi ule ulibatilishwa mwaka 1972, na mwaka 1974 Boyle akatiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Twajua si kila anayelia kisasi ameonewa. Wengine hutafuta huruma ya wapiga kura. Lakini hilo ofisa atalijua kwa kuchunguza tu, na aliyefukuzwa anahitaji jibu angali mgombea.