Tunauliza halali, tuulize na ngano



Juzi dukani kwetu alikuja bibi harusi kupima gauni. Anaishi Uingereza, karudi kuolewa nyumbani. Mkobani alikuwa na rangi yake ya mdomo, akamwambia mpambaji wake asimtie nyengine yoyote. Mpambaji akacheka: "Haya mambo ya Ulaya haya!"

Sisi hatukucheka, maana tulishamuuliza. Ana ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, hata kidogo, kinga ya mwili wake huuumiza utumbo wake mwenyewe. Mkate wa kusukuma, maandazi, sambusa, vyote kaviacha.

Na rangi ya mdomo? Jamani, rangi ya mdomo tunaila! Tunalamba midomo, tunakunywa chai, inakwenda tumboni. Losheni ya mikono nayo ni hivyo hivyo kwetu sisi tunaokula biriani kwa mkono. Shampuu na mafuta ya mwili havimdhuru mwenye siliaki maadamu havimwingii mdomoni.

Mwenye mzio wa ngano ni jambo jengine, yeye hata ngozi huleta shida. Kule Japani, sabuni moja ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliwaletea watu zaidi ya 2,000 mzio huo, hadi ikarudishwa kutoka madukani mwaka 2011.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kama ngano haikudhuru, usilipe zaidi kwa ajili ya maneno "haina gluteni". Hayakuongezei uzuri. Lakini anayedhurika tusimwite mwenye maringo. Mbona sote tunageuza kichupa kutafuta mafuta ya nguruwe? Basi jicho lile lile litafute na ngano. Wala alama ya halali haitoshi hapa, kwani ngano yenyewe ni halali.

Kwenye boksi ngano huandikwa Triticum vulgare, na shayiri Hordeum vulgare. Kama boksi limetupwa na maandishi yamefutika, usitie mdomoni. Na singo la nyumbani uliza limechanganywa na nini. Liwa, mawardi na mafuta ya nazi yakiwa safi hayana gluteni, lakini unga wa ngano ukiongezwa humo huwezi kuujua kwa macho.

Wapambaji wenzetu wa biashara, sisi mafundi cherehani humuuliza mteja kama kitambaa kinamwasha kabla hatujakata. Nanyi muulizeni bibi harusi kabla hamjafungua kisanduku: "Kuna kitu kinakudhuru?" Swali halina gharama, na mwili wa mtu ni amana mikononi mwenu.

Bibi harusi yule alitoka na rangi yake mwenyewe, na wallahi alipendeza. Allah awajaalie nyote ndoa zenye kheri na afya. Amin.