Usinunue sola ya kukata Luku, nunua sola ya kulinda oda

Leo sitaongelea kapsheni wala bei za mzigo. Naongelea umeme, maana kila nikipita kwenye komenti nakuta mtu anauliza: "Nifunge sola au ule mtambo wa upepo, niachane na Luku kabisa?"

Jibu langu wauzaji wa vifaa hawatalipenda. Usifunge sola ili uachane na Luku. Funga sola ndogo ili mteja asikukose. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwenye mtaji yanatofautiana sana.

Nianze na kilichonikuta. Mwezi wa saba, Arusha baridi, masweta ya watoto yanatoka kama njugu. Jumamosi saa moja na nusu usiku niko laivu, watu wanaandika "la bluu langu, usimpe mtu". Umeme ukakatika. Ruta kimya, taa kimya, simu ina asilimia 9. Ulivyorudi ilikuwa saa nne imepita. Nikakuta watu wanne walioahidi kulipia wameshanunua kwingine. Mwingine alikuwa ametuma hela tayari, na kwa sababu hakujibiwa akaandika hadharani: "Huyu tapeli, kashakula kona." Wale wanne niliwasahau. Huyu wa tapeli mpaka leo namkumbuka.

Kwa hasira nikanunua "seti ya wati 300" kwa shilingi 180,000 kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Paneli ilipofika ilikuwa kama sinia la chai. Wiki ya pili ilikuwa inachaji simu moja, tena kwa shida. Fundi mmoja wa Kilombero alicheka, akatoa futi kamba, akanifundisha kitu ambacho kila mtu hapa anatakiwa kukijua.

Jua kali la saa sita linamwaga karibu wati 1,000 kwenye eneo la mita moja ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Kwa hiyo chukua urefu kwa mita, zidisha na upana kwa mita, zidisha na 200. Hizo ndizo wati unazoweza kutegemea kwa paneli nzuri. Yangu ilikuwa nusu mita kwa sentimita 35. Yaani wati 35, wala sio 300. Ndugu zangu mnaouza hivi vitu, pimeni kabla ya kuposti. Mimi niliitwa tapeli bila kosa. Wewe ukiposti 300 wakati futi inasema 35, aliyekuita hivyo hajakuonea.

Sasa twende kwenye hesabu ya Luku. Wengi wetu tunanunua uniti moja kwa shilingi 350 na kidogo, kodi ikiwa ndani. Paneli ya wati 100 za kweli, siku ya jua zuri, ukitoa kinachopotea njiani, inakupa kama wati-saa 300. Uniti moja ya Luku ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo umeokoa shilingi 100 na kitu kwa siku, kama 3,200 kwa mwezi. Ikiwa seti imekugharimu laki nne, utasubiri miaka kumi irudi, na betri ya maji haitafika huko. Kama lengo lako ni kuokoa Luku, hela hiyo nunulia mzigo.

Lakini igeuze sasa. Kwenye sweta moja mimi napata faida ya 6,500. Oda mbili tu nilizookoa umeme ukiwa umekatika ni faida ya 13,000, sawa na kuokoa Luku miezi minne. Hapo ndipo sola inapojilipa. Kwa muuzaji wa mtandaoni, thamani ya umeme ni yale masaa matatu ambayo wenzako wote wamezima na wewe bado unajibu.

Kuna atakayeniambia: bwawa la Nyerere lipo, megawati 2,115, mgao umekwisha. Ni kweli, tangu mashine ya kwanza iwashwe Februari 2024 hatujarudi kwenye ile hali ya mwisho wa 2023. Ila bwawa liko Rufiji na sisi tuko huku kaskazini. Machi 2025 Rais Samia mwenyewe alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini, akataja umeme unaopotea njiani kwa sababu ya umbali. Halafu ongeza miti yetu ya huku Meru. Mvua za masika zikipiga, tawi likilalia waya, megawati 2,115 hazikusaidii kitu mpaka mafundi wafike.

Ununue nini basi? Andika kwanza kazi inayokulipa. Yangu ni hii kwa siku: simu mbili, kila moja chaji mara mbili, wati-saa 80. Ruta ya wati 10 kwa masaa manane, 80. Taa mbili za wati 7 kwa masaa matano, 70. Ile taa ya duara ya kupigia picha, wati 10 kwa masaa mawili, 20. Jumla 250. Pasi haipo, birika halipo, jiko halipo. Pasi ya wati 1,000 ukiiwasha nusu saa inakula 500, mara mbili ya kazi yako yote ya siku. Vitu vya moto waachie TANESCO na gesi. Mwenye friji ya juisi au maziwa mtindi, hesabu yako ni nyingine kabisa, usinakili ya kwangu.

Kwa 250, paneli ya wati 100 inatosha Januari. Mwezi wa sita mpaka wa nane haitoshi. Mnajua wenyewe: unaamka Sakina, Mlima Meru huuoni, wingu limekaa mpaka mchana. Siku kama hizo mimi nahesabu nusu. Na ndiyo miezi masweta yanauzika! Kwa hiyo nilinunua kwa hesabu ya Julai, nikafunga wati 150. Anayeweza, afunge 200. Ielekeze kaskazini, ilaze kidogo tu ili mvua ioshe vumbi, na ikae mbali na kivuli. Jani moja la mgomba likitua juu yake linashusha umeme kuliko unavyodhani.

Betri ya maji ya volti 12, Ah 50, ina wati-saa 600, ila usitumie zaidi ya nusu, utaiua mapema. Isikae chumba cha kulala kisicho na hewa. Ya lithiamu ya Ah 30 inafanya kazi ileile, ni ghali mwanzoni ila inadumu. Na inveta usikimbilie. Simu zinachaji kwa USB, na ruta nyingi zinatumia volti 12, soma kwenye adapta yake. Inveta yenyewe inakula umeme hata ukiwa hujachomeka kitu. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu na betri. Akikuambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.

Twende kwenye upepo, maana matangazo yamekuwa mengi. Ule mtambo mdogo wenye mapanga matatu, "wati 400", kwa kawaida hizo 400 ni upepo ukiwa mita 12 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 43 kwa saa. Siku ya upepo huo Tengeru migomba inalala chini. Na upepo una tabia yake: ukipungua mara tatu, umeme haupungui mara tatu, unapungua mara 27. Kwa hiyo upepo wa mita 4, ambao wewe unauona mzuri tu, unakupa wati 15. Tena hapo ni sehemu wazi. Katikati ya nyumba, miti na mteremko wa mlima, upepo unavunjika na kuzungukazunguka.

Simaanishi upepo ni uongo. Kule Loiyangalani, Kenya, kuna mitambo 365 inayotoa megawati 310, na Mufindi kwetu Iringa kuna mitatu ya Mwenga. Lakini hiyo ni mitambo mirefu kuliko ghorofa, na ilifungwa baada ya upepo kupimwa kwanza. William Kamkwamba wa Malawi naye alijenga wa kwake akiwa na miaka 14, namheshimu sana, ila alitumia baiskeli na vitu vya jalalani, hakutoa mtaji wa duka. Mwenzangu uliye uwanda wazi wa Makuyuni au Longido, pima upepo wako hata miezi kadhaa ndipo uamue. Sisi tuliobanana chini ya Meru, tuachane nao.

Mwisho, kuhusu kukopa. Sola ya kulipa kidogokidogo sisi Arusha tuliijua mapema, Mobisol na Off Grid Electric walianzia hapa. Iliwasaidia watu wengi. Lakini mwaka 2019 Mobisol ilifilisika, ikanunuliwa na ENGIE. Kampuni zinakuja na kuondoka, betri yako inabaki ukutani. Kabla hujasaini, uliza swali moja: betri ikifa, fundi yeyote wa mtaani anaweza kuweka nyingine, au mpaka wao? Kama ni mpaka wao, fikiria tena.

Mimi siku hizi umeme ukikatika nikiwa laivu nawaambia wateja, "Chuga giza, ila tuko pamoja, nani anataka hili la kijani?" Wanacheka, wanalipia.

Andika kwenye komenti vifaa vyako na masaa unayotumia, tupige hesabu pamoja kabla hujatoa hela. Na kama una futi ndani, kapime paneli yako leo, utuambie umepata wati ngapi.